Nimesimama Kuutetea Ushuru wa Magari

Ijumaa. Ukungu haujatoka bondeni, nguo nilizofua jana bado mbichi.

Sasa hivi Zuhura kalaza mwiko mlangoni mwa jiko, ananidai harage moja ndipo nipite. Nimelipa. Jogoo kapita bure, kafukuzwa hadi uani. Mwanangu ana miaka mitatu na mchezo huu kaujifunzia sokoni.

Tangu mvua za vuli, kamati ya soko letu inatoza magari yanayoingia barabara ya sokoni siku ya gulio kabla ya saa nne asubuhi. Anayeshusha mzigo uwanja wa mpira, kule chini, halipi kitu. Yalikuwa majaribio. Jana baada ya gulio tuliitwa mkutanoni tuamue ushuru huo ubaki au ufutwe.

Nikiri. Mwanzoni nami nilinung'unika. Nilisema hayo ni mambo ya Dar, huku milimani kuna foleni gani ya kulipia? Lakini barabara yetu huku ni ukuta wa mlima, huku ni korongo, na pikapu za kabichi na fuso za mbao zote zilitaka kupita hapo kwa wakati mmoja. Mimi nauza karoti na giligilani pembeni mwa barabara hiyo, nimezipanga chini. Mwaka jana gari lilirudi nyuma likakanyaga tenga langu. Dakika chache kabla, Zuhura alikuwa amelala humo.

Sijawahi kuliandika hilo mahali popote.

Siku hizi anacheza mbele yangu na mimi nauza bila kushtukashtuka. Ila si wote wanaofurahi. Dada Mwanaidi alikuwa anawauzia chapati madereva waliokwama. Jana kaniambia, "Ninyi mnapumua, mimi wateja wangu wananipita mbio."

Halafu baba mkwe wangu ana pikapu. Mkutanoni alisimama wa kwanza. "Nimezaliwa mlima huu, leo nilipie kuupanda?" Watu wakapiga makofi. Mwenye fuso mmoja akadakia, "Kesho watatutoza na ukungu."

Kwetu mkaza mwana hampingi baba mkwe mbele za watu. Hata nyumbani akiingia, mimi nainuka. Lakini nilijua ushuru ukifutwa, gulio lijalo namfunga tena Zuhura mgongoni tangu alfajiri mpaka mchana. Nikanyoosha mkono. Darasa la saba nimemaliza, ila kusema mbele ya umati hatukufundishwa.

Nikawaamkia wazee wote, kisha nikamgeukia yeye peke yake nikampa shikamoo yake. Nikasema, "Baba hakatai kulipa. Nyumbani namsikia, kinachomuudhi ni matope ya uwanjani, kabichi zinafika juu zimechafuka. Hela ya ushuru inunue kokoto za pale. Na wauza chapati wapewe nafasi hukohuko, maana magari yamehamia huko na wenye njaa wamehamia nayo."

Mwenyekiti akauliza, "Mzee, ndivyo?"

Baba mkwe aliishika kofia yake, akaizungusha mikononi. "Matope yapo," akasema.

Ushuru umebaki, na kokoto ndiyo kazi ya kwanza.

Najivunia, sifichi. Mimi huyu, wa karoti za mafungu, wazee wamenisikiliza mpaka mwisho. Lakini njia nzima ya kurudi mzee alitangulia bila neno, na leo chai kainywa kimya. Nimemsemea mtu mzima mbele ya kijiji. Nimemheshimu au nimemvua nguo? Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Na sasa wamekuja wenzake wawili wenye pikapu, wako barazani, nawaona na kuwasikia kutoka hapa jikoni. Mmoja anamwambia, "Mkweo katuuza."

Mzee anakohoa. "Hajamuuza mtu. Mimi nilikuja na hasira, yeye alikuja na akili."

Nimesoma tena nilichoandika hapa kwenye simu nihakikishe nimesikia sawa. Ndivyo alivyosema. Sasa ananiita, "Mama Zuhura, weka hiyo simu, njoo uwaeleze hawa mambo ya kokoto, kaa hapa," na ananisogezea kiti chake mwenyewe, kile ambacho hata mume wangu hajawahi kukikalia. Naiweka simu.