Gélase, Spès Anataka Kazi Yako

Mwaka umetimia, mpendwa wetu Gélase Mirindi, tangu tarehe 9 Septemba 1967, ulipotutoka kwa kifua kikuu, ugonjwa ule ule uliokuwa ukiwauguza wengine.

Miaka kumi na mmoja ulihudumu hospitalini katika chumba cha wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Wauguzi wenzako walipita wamesimama. Wewe ulivuta kiti. Ulimuuliza kila mmoja alikuwa akifanya kazi gani, kisha ukasema: "Basi nifundishe kidogo." Mpakuzi wa bandarini alikufundisha kufunga kamba ya mzigo, siku mbili kabla hajafa. Mama mmoja wa Uvira alikueleza namna ya kutia chumvi ndagala, wale dagaa wa ziwani, nawe ukaja kujaribu nyumbani, ukatia chumvi mara mbili. Jirani yetu Zubeda alionja, akasema: "Bwana Gélase, hii ni ndagala ao ni dawa?"

Mkeo Dorothée alikuuliza unapata nini mule, na kila juma wanatoa maiti. Ukamjibu: "Mama Spès, mutu mwenye kufundisha bado iko na kazi. Anakufa akiwa mutu. Na mi narudia nyumbani nikijua sababu gani Mungu aliniamusha."

Ulipokuwa hai, jibu hilo lilimtosha. Sasa linamtisha, maana binti yako amelishika. Spès amemaliza masomo ya uuguzi na ameomba chumba kile kile. Ilibaki sahihi ya mzazi tu. Siku hizi Spès akipaliwa na ugali akakohoa, Dorothée anaacha kula, anasikiliza kikohozi. Alimsihi binti aombe chumba cha akina mama wanaozaa.

"Mama, kule wauguzi wamejaa. Kwa hawa hakuna mutu anataka."

"Na mi je? Nimezika mumoja, Spès."

"Uniombee basi. Lakini usinikataze."

Siku tisa Dorothée alisali novena, na karatasi ya kutia sahihi ilikaa chini ya Biblia. Siku ya kumi, baada ya misa ya asubuhi, aliitoa akatia sahihi.

Jumatatu Spès anaanza. Hofu haijamtoka mkeo, Gélase, wala haifichi. Haombi tena mtoto azuiwe. Anaomba kila jioni amwone akirudi.

Bwana akupe pumziko la milele. Wanaokukumbuka ni mkeo Dorothée, binti yako Spès, mdogo wako Jovithe, na jirani yako Zubeda wa Buyenzi.

Siku zetu zote umo ndani yetu, hatutakusahau.