Milima Mkono wa Kushoto

Mume wangu Desderi,

Mimi nasema, shangazi yako Pelagia anaandika. Nimemwambia asipambe kitu. Ameshaanza kulia kabla sijafika popote, basi vumilia mwandiko.

Tumetaniana hivi tangu hujaota meno, bibi na mjukuu, mke na mume. Ukija kutoka Morogoro na teksi yako unapiga honi tangu barabarani, unaingia uani unasema, "Mke wangu, chai iko wapi?" Nami nakuambia, mume wa mikono mitupu hanywi chai hapa.

Siku ile ya mwisho hukutania. Ulisema una mwanamke kule, na mtoto ameshatembea. Nilikuwa napepeta mchele. Hata uso sikuinua. Nikakujibu, "Mwanamke ambaye hajapiga hodi kwangu simjui, na mtoto wake simjui."

Kisha ukaanza kunielekeza polepole. "Bibi, siku moyo wako ukilainika, ukitoka stendi weka milima mkono wa kushoto. Nenda mpaka mashine ya kukoboa. Ukiona mti uliokatwa kichwa chini ya nyaya za umeme, ingia hapo. Mlango wangu ni bluu nusu, rangi iliniishia." Nami nikazidi kutikisa ungo nisikusikie.

Wiki haikuisha, ukarudi kwenye jeneza. Simu yako ilipotea kwenye ajali. Tulikuzika hapa Katindiuka na yule mwanamke hakuja, hatukujua hata pa kumpelekea habari. Kwa ndugu zako wote, njia ulikuwa umemwachia mtu mmoja tu, mimi niliyekataa kusikiliza.

Tangu hapo kila nikishika ungo nakusikia. Mchana kweupe, watu wamejaa uani, wewe unasema, weka milima mkono wa kushoto. Nikisimamisha ungo, kimya. Nikitikisa, unaanza tena. Nikampa jirani mchele anipepetee, nikakusikia hadi kwenye ungo wake. Ndipo nikamwambia Pelagia alete gari lake.

Simu yake ina mwanamke anayeelekeza njia kwa Kizungu. Nikauliza, huyo anaujua mlango wa Desderi? Pelagia akasema hapana. Basi mzime, atatuchanganya.

Morogoro tulifika jua limeshapinda, mawingu yameshuka, mlima hata mmoja hauonekani. Sikuhangaika. Huku kwetu hata mtoto mdogo anajua kwamba jua linazama nyuma ya milima. Nikamwambia Pelagia, milima iko kule jua linakokwenda, iweke kushoto, twende.

Tukaenda. Nyumba zikapungua, tukaingia kwenye mkonge. "Mama, una uhakika?" Nikamwambia, "Nimekuzaa mimi, leo nitakupoteza? Endesha." Lakini moyoni nilishaanza kufa. Niliogopa kwamba siku ile ungo ulikula maneno yako, na kwamba mtoto wako yuko mahali katika mji ule na sitamfikia mpaka na mimi nizikwe.

Mawingu yakafunuka. Milima ilikuwa nyuma yetu, imesimama mikubwa na myeusi mahali ambapo kwetu haikai. Jua liko huku, milima iko kule. Halafu nikakusikia unacheka, kiti cha nyuma. Pelagia akainua macho kwenye kioo cha ndani, akayarudisha barabarani haraka.

"Geuza gari," nikasema. "Tumeweka jua, hatukuweka milima."

Tulirudi mpaka stendi, tukaanza upya kama watu wanaofika. Safari hii uliongea njia nzima. Mashine ikatokea, vumbi la pumba limejaa mlangoni. Mti uliokatwa kichwa ukatokea. Nikamwambia Pelagia asimame, nikashuka peke yangu, maana miguu yangu ilikuwa inakijua kichochoro kile kuliko mimi.

Mlango ulikuwa bluu mpaka kiunoni. Juu, mbao tupu.

Nilikuwa sijainua mkono kubisha hodi, sauti ya mwanamke ikaita kutoka ndani, kwa jina langu. "Tekla!" Jina hilo hakuna aliyebaki wa kuniita, wote waliokuwa wakiniita wamelala makaburini. Nikaitika, "Abee." Na mtoto naye, chini ya miguu yangu, nyuma ya mlango, akaitika, "Abee."

Hukuniambia, Desderi. Ulimpa jina langu, nikasema simjui.

Mama yake alipofungua alinitazama sana. Nikasema, "Mke mwenzangu, hodi. Wewe hukuja kwangu, nimekuja mimi. Nilikosea." Akapiga magoti, "Shikamoo bibi," nikamwinua kabla sijamaliza kuitikia. Alijua umekufa, aliambiwa na madereva wenzako, ambao sisi hatukuwajua. Hakuja kwa sababu ulikuwa umemfikishia maneno yangu. Alikupikia usiku ule uliporudi kutoka kwangu, ukala kidogo.

Wako hapa kwangu sasa, niko nao. Tekla mdogo ana masikio yako, na kama wewe hasikii akiambiwa kitu. Nampenda mpaka naogopa.

Lakini jana nilishika ungo. Nikapepeta debe zima. Nikapepeta mpaka mchele uliokwisha kuwa safi nikaurudia. Nimesikia pumba tu.

Nilikuomba uniache? Kazi ya njia imekwisha, sawa. Sasa njoo tu unitanie. Chai ipo, na mikono yako hata ikiwa mitupu, njoo nayo.

Lala, mume wangu. Lakini usilale sana.

Mimi mkeo mkubwa,
bibi yako.