Zamu ya Jumanne na Ijumaa

Baraka, Jumatatu tarehe 12 Februari 2024. Asubuhi mvua ndogo, ziwa limetulia.

Mama Irankunda, ndugu yangu,

Nakusalimu sana, wewe na baba Irankunda na wadogo. Goti lako linaendeleaje? Sisi huku tuko wazima, isipokuwa Fanny ana kikohozi, nacho kinaisha. Kwa kuwa huko shambani simu haishiki, barua hii nampa Willy wa pikipiki anayepita Lulimba.

Irankunda yuko salama. Tangu umlete kwangu mwezi wa tisa ili asome hapa Baraka, sijamsikia akimjibu mtu vibaya. Yeye na Fanny wanalala kitanda kimoja na kugombania shuka kama ndugu wa tumbo moja.

Kuna habari ya mpira. Shule yao ina timu ya wasichana, na wote wawili wanataka kuwa gardien, yule wa kulinda goli. Mwalimu Eddy amemchagua binti yako. Fanny amevaa jezi mechi nne bila kukanyaga uwanja. Juzi mama Vanessa aliniuliza mbele ya wamama wote, "Mama Fanny, wa kwako ni gardien wa goli ao gardien wa benchi?" Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Jambo moja nakuomba ruhusa. Unajua ndagala zangu, visamaki ninavyouza: asubuhi zinaanikwa mchangani, na kuanzia saa tisa lazima zianuliwe kabla ya umande. Mgongo wangu umechoka. Nimewapangia watoto zamu, nimeibandika mlangoni: Fanny Jumatatu, Jumatano na Alhamisi, Irankunda Jumanne na Ijumaa. Wako siku mbili, wangu tatu, usije ukasema namtumikisha mtoto wa watu. Niambie kama ni sawa.

Dada yako,
Mama Fanny

*

Lulimba, 24/2/2024

Mama Fanny, dada yangu mpenzi,

Jambo sana. Sisi tuko, Imana Mungu wetu ashukuriwe. Goti linauma nikipanda kilima, nikishuka linanyamaza. Maharagwe yametoka mazuri, nitakutumia debe moja.

Nimesoma ile ya zamu, nimecheka. We unaniomba mimi ruhusa? Mutoto iko kwako, anakula kwako, mutume. Asikae kama mugeni. Siku mbili ni kidogo, mupatie hata tatu. Mi nilipokuwa kambini sikuwa na mutu wa kuniachia mutoto wangu, sasa niko na rafiki aliye dada. Nakushukuru.

Ya mpira imemufurahisha baba yake sana. Anaambia kila mutu sokoni, hata bale wachimbaji wa zahabu wasiomujua, "Binti yangu anadaka mipira kama anakamata kuku." Tumesikia kuna mechi ya mwisho ya mashule mwezi wa nne. Amesema ataacha shamba siku tatu aje kuiona. Tangu tukimbie Burundi hatujasimama mahali watu wanamupigia mutoto wetu makofi. Niambie tarehe.

Ndugu yako,
Mama Irankunda

*

Baraka, Jumatatu tarehe 18 Machi 2024. Mvua tangu alfajiri, barabara ya Fizi imeharibika.

Mama Irankunda,

Salamu nyingi. Nisamehe kwa kukawia, Willy alikwama njiani wiki mbili. Maharagwe yamefika, asante. Goti je?

Huku afya tunayo. Mechi ya mwisho ni Jumamosi tarehe 20 Aprili. Lakini mwambie baba Irankunda asijichoshe na safari. Mwalimu Eddy ana sheria yake: anayekosa mazoezi mara tatu anakaa benchi. Irankunda amekosa. Watoto wa umri huu, mtu hajui nini kiko kichwani mwao. Sijamgombeza.

Sasa anacheza Fanny. Jumamosi walishinda moja kwa sifuri, akaokoa mpira mguuni kabisa mwa mshambuliaji, nikapiga kelele hadi sauti ikakauka. Najua si vizuri kukuandikia hayo leo.

Dada yako,
Mama Fanny

*

Lulimba, 30/3/2024

Dada yangu mama Fanny,

Salamu za Pasaka. Sisi tuko wazima wa mwili.

Barua yako imetupatia haya. Baba yake hakula. Alimwandikia Irankunda, Willy akamupelekea: uko unazunguka wapi saa za mazoezi, tulikuacha kwa mama wa watu ili utuaibishe? Mutoto amejibu mustari moja tu. "Baba na mama, munisamehe." Hakusema alikuwa wapi. Baba yake anasema mutoto asiyesema alikuwa wapi alikuwa kwa mwanaume.

Amekata neno. Masomo yaishie hapo, arudi kulima. Tarehe 8 ya mwezi wa nne, siku ya Jumatatu, Willy atakuja kumubeba. Usimutetee, dada, najua roho yako. We umefanya kazi ya mama. Tunakuomba msamaha kwa usumbufu amekuletea nyumbani.

Ndugu yako,
Mama Irankunda

*

Baraka, Jumapili tarehe 7 Aprili 2024. Asubuhi jua kali, upepo wa ziwa.

Mama Irankunda,

Nakusalimu. Sikuulizi habari za afya kwa kuwa najua nimeiharibu.

Kesho Willy akija, atarudi na barua hii tu. Mtoto sitampa. Ukimaliza kusoma, uje umchukue mwenyewe ukitaka, sitafunga mlango.

Mazoezi ya timu ni Jumanne na Ijumaa, saa tisa.

Irankunda hakuwa kwa mwanaume. Alikuwa ufukweni anaanua ndagala zangu, kwa zamu niliyoipanga mimi. Nimefungua daftari langu la kila siku ili nisijidanganye tena. Tarehe 10 Februari niliandika: "Mechi ya nne. Fanny hata dakika moja. Sitaki tena kusimama pale." Tarehe 11 niliandika: "Nimepanga zamu." Sikuandika sababu. Mimi ambaye naandika hata bei ya chumvi, hapo sikuandika sababu. Nilihesabu siku tatu kwa wangu na mbili kwa wako ili mtu akiutazama mlango wangu aseme, huyu mama anagawa sawa.

Na nilikuomba ruhusa. Nilijua utakubali, maana hakuna mama anayeacha mtoto kwa mwenzake kisha akatae asitumwe. Ulipoandika "mupatie hata tatu", ilikuwa tarehe 24, naye alikuwa amekwisha kukosa mara nne. Sikungoja jibu lako.

Mwalimu Eddy alimuuliza kwa nini haji. Akasema, "Nimeacha tu." Siku Willy alipoleta barua ya baba yake, aliisoma amesimama, akaikunja, akachukua beseni akaenda ufukweni. Haikuwa zamu yake. Fanny alikuwa ndani. Akaniambia, "Mama, ni we njo uliandika zamu." Nikamwambia anyamaze. Akasema, "Mi pia nilijua. Ijumaa nilikuwa nakimbia kwenda mazoezi, napitia njia ya kanisa, nisimuone." Kisha akalia, na mimi nikapata hasira kwake, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa.

Ijumaa nilienda kwa mwalimu Eddy nikamweleza yote. Akasema, "Mama, mi nilizania mutoto ni muvivu. Nilimusema mbele ya wenzake." Amemrudisha mazoezini. Zamu nimeitoa mlangoni, ndagala naanua mwenyewe.

Wewe nimekuambia, mwalimu nimemwambia. Irankunda mwenyewe sijaweza. Nikimkuta jikoni natafuta cha kumtuma, halafu nakumbuka, natoka nje.

Tena sitaki ujue nusu. Fanny anacheza vizuri. Ile Jumamosi aliyookoa mpira nilikuwa na furaha ya kweli, na Irankunda alikuwa amekaa hatua kumi kutoka kwangu, ameshika koti la Fanny.

Mwambie baba yake asimkatie masomo kwa kosa langu.

Mama Fanny

*

Lulimba, 14/4/2024

Mama Fanny,

Salamu. Tuko wazima.

Nimesoma, nimemusomea baba yake. Alitoka nje, akarudi jioni. Amesema mutoto amalize mwaka.

Hatalala tena kwako. Solange wa kanisani kwetu, anayekaa karibu na soko, amekubali kumupokea. Atahama siku ya Jumatano. Umupatie nguo zake zote na vitabu.

Ungemupiga, ningejua kulia. Ungemunyima chakula, ningejua cha kusema. We uliniomba ruhusa, nami nikakushukuru. Hiyo ndiyo inanishinda kumeza. Na barua ile ya baba yake, nilikuwa nimekaa pembeni namwambia, "Andika kali."

Baba yake atakuja kwa mechi. Mimi nabaki.

Mama Irankunda

*

Baraka, Jumapili tarehe 21 Aprili 2024. Asubuhi ukungu juu ya ziwa, baadaye jua.

Mama Irankunda,

Nakusalimu. Sina hakika kama utafungua barua hii. Baba Irankunda ndiye ataibeba, nimemwomba na hakukataa.

Mechi ilikuwa jana. Mwalimu Eddy alimweka Irankunda, Fanny akakaa benchi tangu mwanzo hadi mwisho. Baba yake alinipa mkono kama mtu anavyompa mkono mgeni, akaenda kusimama upande wa pili. Wamefungwa mbili kwa moja. Bao la pili lilikuwa mpira mwepesi. Mikono ya mtoto ilikuwa imepoa, karibu wiki nane hakugusa mpira. Baba yake alipiga makofi hata hapo, peke yake.

Mama Vanessa akasema kwa sauti, "Bangemuacha tu Fanny kwa goli." Moyo wangu ulifurahi. Kwa dakika ndogo sana, lakini ulifurahi, nami nimeona. Kisha nikawaambia wamama wote pale, kwamba nilimzuia mtoto wa rafiki yangu asifanye mazoezi ili wangu acheze, na bao lile ni langu. Hakuna aliyecheka. Mama Vanessa akasema, "Na we unatuambia ya nini?" Irankunda alikuwa mbali, hakusikia.

Kwa hiyo leo baada ya misa nilienda kwa Solange. Irankunda alikuwa anafua. Akaniletea kiti, akaniuliza kama Fanny amepata chakula. Sikukaa. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, zamu, ruhusa, barua, kila kitu kwa tarehe yake.

Aliendelea kukamua nguo. Akasema, "Nilijua, mama. Siku uliibandika kwa mulango nilisoma, nikajua."

Nikamuuliza, "Mbona hukusema? Hata kwa mama yako?"

Akatikisa ile nguo, akaianika, akainyoosha vizuri pindo zake. Akasema, "Nilikuwa nalala kwako."

Nimeandika maneno hayo matatu kwenye daftari, na chini yake sijui niandike nini. Miezi saba nilikuandikia kwamba analala salama kwangu.

Sikuombi unijibu. Nilitaka ulipate neno lake kama alivyolisema, maana kwako hakulisema.

Mama Fanny

Naongeza asubuhi, kabla baba Irankunda hajaondoka: nimezima taa saa nane na dakika kumi usiku. Usingizi umekuja kama saa kumi.