Dirisha katika Jiwe la Bibi

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo, na macho ya bibi yanaendelea kupata nafuu. Mimi ni mzima.

Uliniagiza nikaze kucha zinazoshika jiwe la pete ya bibi kabla dada, binti wa mama mkubwa, hajaivaa harusini. Nimefanya zaidi. Almasi yenyewe ilikuwa na kasoro: kichwa kimeinuka mno, pembe nne hazilingani, na chini imekatwa bapa, hata ukiitazama kwa juu unaona kiduara kama dirisha. Nimeikata upya kwa mkato wa kisasa, duara kamili, ikaishia kwenye ncha. Imepungua theluthi, lakini inawaka kama taa. Hata bibi hataitambua.

Mwanao, Kitindamimba

14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Miili yetu ni mizima. Barua yako niliianza nimesimama. Nilipoimaliza nilikuwa nimekaa, wala sikumbuki nilikaaje.

Zile hazikuwa kasoro. Mkato ule ni wa kale, wa kabla ya mashine. Fundi alipima kwa jicho, akafuata umbo la jiwe lilivyotoka ardhini ili asilipunguze bure, akainua kichwa na kupanua nyuso za jiwe zishike mwanga wa mshumaa. Chini alikata bapa makusudi, ncha isimeguke.

Umekua ukidhani wewe ndiwe wa kwanza katika ukoo huu kushika almasi. Babu yako, uliyemjua kama muuza vitambaa, alikuwa mkataji mpaka macho yalipomtupa mkono. Kwa uchungu, alitukataza kuitaja kazi ile. Jiwe lile alilikata mwenyewe, na jingine la mkono wake hatunalo. Bibi yako alikuwa akilisogeza jichoni kila asubuhi, akilitafuta dirisha. Nimwambie nini?

Mama yako

25 Machi

Mama,

Shikamoo. Leo nauliza hali zenu kwa hofu, si kwa mazoea.

Nilimwonyesha fundi mkuu wa hapa kazini mchoro niliouchora kabla ya kukata. Aliutazama kitambo, akasema, "Umefuta mkono wa mtu," akarudi mezani kwake.

Mjini hapa lipo jiwe jingine la mkato uleule, ukubwa uleule. Nitalitia kwenye pete. Tukinyamaza sote, bibi atalipata dirisha lake. Nakusihi, waulize wakubwa.

Mwanao

6 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Kwa heshima ya bibi yako, aliyeingia kikaoni bila kuitwa akashika kiti cha mbele. Ya mjomba wako. Ya mama yako mkubwa. Na ya binti yake, bi harusi: naandika mbele yao.

Mjomba wako alikuwa upande wako. Mama yako mkubwa alisema ulisomea kukata, hukusomea kuuliza. Kumbe bibi yako alikuwa nyuma ya mlango tangu nilipoanza kuisoma barua yako. Alituambia kilichopungua ni macho, masikio yapo.

"Asininunulie mkono wa mtu mwingine," alisema. "Aje na mchoro wake. Mume wangu alikata nyuso hamsini na nane. Anieleze kila uso ulivyokuwa, mmoja baada ya mwingine, nikiwa hai."

Basi kikao kimeamua: jiwe la mjini lisinunuliwe, na harusi isubiri. Bi harusi atawaarifu waalikwa. Mjomba wako atakupokea. Mimi nitakuwa nimekaa kando ya bibi yako. Kila mmoja amepewa lake. Lako ni kuondoka huko mara uisomapo barua hii.

Mama yako