Hoteli Aliyoitaka Mama

Taiping, Jumapili

Kwako Kaka Kok Seng,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, kwako na kwa wifi huko Perth. Natumaini mgongo wako umepoa na wifi ameacha kukubandika vile vikombe vya moto. Sisi huku wazima. Mvua inanyesha kila alasiri kama kawaida yake, nguo hazikauki, na Mama anakula vizuri.

Najua umekasirika. Umeona picha za safari, na ile hoteli ya pwani ya George Town, kule Penang, uliyotuchagulia, yenye bwawa juu ya paa, haimo katika hata moja. Umemwandikia mume wangu Teong kwamba nina kichwa maji. Haya, ninacho, lakini soma kwanza. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu katika nyumba hii ukikohoa chumbani, Mama anakuuliza kutoka jikoni kama umekunywa dawa.

Wewe ndiye uliyesema kwamba tangu Baba afariki Mama havuki soko, tumtoe, twende naye Penang, watoto wangu waone mahekalu na nyumba za ukoo wajue walikotoka. Mama alikubali papo hapo, nikashtuka. Akaweka sharti moja: hoteli aipende yeye, la sivyo hatoki, na tusimsumbue tena mpaka siku ya kumzika. Unamjua Mama. Nikaona tukikosea hoteli, hatumtoi tena humu ndani maisha.

Weee, nimeteseka! Ya kwanza aliikataa kwa kuwa chumba kilikuwa ghorofa ya nne, namba ya msiba. Ya pili chumba kilikuwa mwisho wa korido, na chumba cha mwisho kina wenyewe, hilo hata mtoto anajua. Ya tatu kioo kilikitazama kitanda. Roho ikiamka ikajiona, si itashtuka ikimbie? Ya kwako haikuwa na kosa, dirisha zima bahari. Mama akaitazama picha, akabetua midomo, akasema bahari ni maji tu, ukishayaona umeyaona. Teong akamuuliza kwa adabu kama angependelea dirisha la kutazama jaa la taka. Aliambiwa achunge mdomo wake, hapa si kwao.

Nikachukua hiyo yako kwa ubishi, na Mama, ajabu, akafunga begi tukaenda. Tulipofika, Mama alifanya kama alivyotufunza sote: akagonga mlango wa chumba kitupu kabla ya kuingia, akawaomba radhi wasioonekana, kwamba tumekuja kwa amani na hatutakaa sana. Sauti nzito ikajibu kutoka ndani: karibu, ingia! Kumbe mapokezi wametupa chumba chenye mtu. Mlango ukafunguka, akatokea mzungu pande la mtu, amejifunga taulo, anatabasamu. Mama hakungoja lifti. Huyu ambaye magoti hayamfikishi kwa daktari alizishuka zile ngazi mbio, nami nyuma yake naita Mama, Mama, ni mtu tu!

Nilimkuta barabarani amekalia begi lake. Akanyoosha kidole kwenye hoteli kuukuu ng'ambo ya barabara, karibu na gati la feri, akasema ama pale ama nyumbani. Kaka, chumba kilichobaki pale kilikuwa ghorofa ya nne, mwisho wa korido, na kioo kinakikodolea kitanda. Nikamkumbusha. Akaniambia nisimletee ushirikina, zama hizi ni za watu waliosoma. Akavuta kiti dirishani, ambako chini kulikuwa na vibanda vya chakula, akakaa.

Hekalu hakuona hata moja. Sisi tulizunguka mpaka watoto wakasusa. Yeye alisingizia magoti. Ila kila asubuhi alinituma wali wa nazi kwa Bi Rokiah, mama wa Kimalei mwenye ushungi wa kijani, kibanda cha pembeni, hapo tu na si kwingine. Akishakula ananirudisha nikamwambie pilipili yake imezidi sukari. Mtu mzima mimi, kupeleka maneno! Bi Rokiah akashika kiuno, akainua kidevu, akasema kamwambie huyo bibi wa dirishani, anayejua kupika hupika, hatumi watu. Nikapandisha jibu. Mama akafurahi ajabu, akanituma tena kwamba hata dagaa wake wamelegea. Kesho yake, kabla sijafungua mdomo, Bi Rokiah aliniuliza leo mheshimiwa anaumwa nini tena. Akakiinua tena kile kidevu, nami nikaganda na sahani mkononi. Kidevu kile nakijua. Ndicho unachokinyoa wewe kila asubuhi.

Nikapanda, nikamwambia Mama sishuki tena mpaka aniambie yule ni nani. Aliutazama ule ushungi wa kijani kule chini. Kisha akasema, ni mdogo wangu.

Hatukuwahi kusikia, si wewe si mimi. Alizaliwa Mama akiwa na miaka saba. Mtabiri wa hekaluni akamwambia Babu kwamba nyota ya mtoto inagongana na yake, mmoja atamla mwenzake. Basi mtoto akapewa majirani Wamalei waliokosa uzazi, wakampokea kwa machozi ya furaha, kisha wakahama naye. Wengi walifanya hivyo enzi zile. Lakini siku ya kumtoa, aliyembeba mgongoni kumvusha barabara hadi kwao ni Mama. Kwenye msiba wa Baba, mzee mmoja alimnong'oneza kwamba mdogo wake yu hai, anauza wali gatini kule Penang. Tangu siku ile Mama ana hamu na ana hofu. Alitaka amtazame kwanza kwa mbali, maana akifukuzwa, alisema, atafia pale pale.

Nikamshika mkono tukashuka. Bi Rokiah alikuwa anafunga wali kwenye jani la mgomba. Akamtazama Mama, akaliweka jani chini. Hakuuliza huyu nani. Waliomlea hawakumficha asili yake. Aliuliza neno moja tu: nililia? Mama akamwambia hukulia, ulikuwa umelala, niliyelia ni mimi. Wateja waliacha kula, Kaka. Wakakumbatiana mpaka Bi Rokiah akajifuta kwa ushungi, akasema haya, sasa niambie mwenyewe, pilipili yangu ina nini? Wakaanza kugombana upya, nami nikabaki nalia peke yangu katikati ya watu.

Mwaka Mpya anakuja kwetu na wanawe. Kwa hiyo yule nguruwe mzima wa kuchoma unayetuagizia kila mwaka, safari hii mwache apumzike. Mama keshanunua sufuria mpya, sahani mpya, hata mwiko.

Lakini wewe hajakuambia, kwa sababu anakuogopa. Baba hayupo, mkubwa wa nyumba ni wewe, na anadhani utasema ya kale yaachwe, watu watatucheka. Simu ikilia anaruka; akiona si wewe, anakaa tena. Ukimuuliza atasema hahitaji ruhusa ya mtu aliyemzaa mwenyewe. Usimwamini.

Watoto wanamwamkia mjomba wao, na Teong anakusalimu. Nibusie wifi.

Barua hii ikifika, Kaka, nakuomba, piga simu siku hiyo hiyo. Usianze na mambo ya hoteli. Ukisikia tu sauti ya Mama, muulize: mama mdogo hajambo?

Ni mimi dada yako akupendaye,
Guat Hong