Kigoda Nilichomnyang'anya Apa

Lodwar, Jumanne. Upepo wa mchanga tangu alfajiri, nikifunga mdomo bado natafuna vumbi. Nimekunywa chai vikombe vitatu.

Kesho asubuhi Apa, baba yangu mzazi, anafunguliwa fuvu.

Niseme ukweli, maana hapa hakuna wa kunikatiza. Mimi ni nesi, nafanya kazi kliniki moja Kakuma, na watu wananiamini. Miaka mitatu iliyopita nilikwenda nyumbani Namoruputh nikamkuta Apa ana kinundu kigumu nyuma ya sikio la kushoto, kidogo kama harage. Nilikibonyeza, hakikumuuma. Upande huohuo ndio anaoulaza kwenye ekicholong, kile kigoda cha mbao ambacho wazee wetu hukikalia mchana na kukifanya mto wakilala.

Basi nikajua. Nesi akishajua, nani atambishia? Nikasema kosa ni la kigoda. Nikamwachia mto wa sponji, nikaondoka nacho.

Kigoda cha mzee hakichukuliwi. Mtoto wa kike hata hakikalii. Mimi nilikisukuma chini ya kitanda, pamoja na viatu.

Apa hakugomba. Mama aliniambia kwa simu kwamba wazee wakikutana yeye anakaa mchangani, na wenzake wanamtania kuwa binti kamstaafisha. Nilicheka sana siku ile.

Kinundu kiliendelea kukua. Kilipofika ukubwa wa kokwa la mkoma, ule mtende wa porini kwetu, na kichwa kikaanza kumgonga, ndipo nikamleta Lodwar apigwe picha. Daktari mpasuaji, ambaye yuko hapa wiki hii tu, alinionyesha: uvimbe wa mishipa ya damu, umejijenga ndani ya mfupa wenyewe. Si saratani. Ni nadra, yeye mwenyewe ameuona mara chache. Ataukata pamoja na kipande cha mfupa, kisha azibe pengo kwa bamba. Anachohofia ni damu, kwa sababu mshipa mkubwa unapita papo hapo.

Nikamuuliza kuhusu kigoda. Akasema kigoda hakihusiki kabisa.

Miaka mitatu! Uvimbe ungekatwa ukiwa bado kama harage.

Leo nimemrudishia ekicholong yake wodini. Nimeomba msamaha huku nalia mbele ya wagonjwa wote, mimi ninayewaambia wenzangu wajikaze. Apa alikifuta kigoda vumbi kwa kiganja. Daktari alipopita akamwambia kwa Kiswahili chake, "Daktari, toa hiyo kitu yote. Hii upande ingine ni mzima, nitalalia hiyo."

Kisha akanigeukia mimi. Alininyooshea kigoda tu.

"Shika mpaka nitoke. Usikalie."

Kesho saa mbili asubuhi wanamwingiza chumba cha upasuaji. Nitakaa sakafuni nje ya mlango, nimekipakata. Sijui kama amenisamehe au amenipa kazi tu.

Nitamuuliza akiamka. Ee Mungu, aamke.