Herufi Mbili za Baba

Jumanne, 9 Septemba 2003

Kitengela nzima hakuna mtu amewahi kupokelewa Uingereza kama mimi! Abiria wengine walipita tu kama mbuzi. Mimi maofisa watatu waliniweka pembeni, wakanipa kiti, wakaniuliza habari zangu dakika arobaini. Nikawaambia: mzee wangu, Munguti, alikuwa rubani kwa vita yenu. Wakatazamana. Wakagonga muhuri.

Ndanu, binti ya dada yangu, ni nesi huku. Alikuwa ananingoja na koti. Tiketi yeye, koti yeye, hata soksi. Mungu amzidishie.

Karatasi ya baba ya kutoka jeshini niko nayo, ndani ya Biblia. Nitawaonyesha Waingereza wenyewe.

Alhamisi, 11 Septemba

Omolo, bwana ya Ndanu, ameomba ruhusa kazini ili anitembeze. Tumeona kiwanja cha ndege cha wakati wa vita. Nilitarajia ndege mia — ni shamba la ngano! Lakini njia ya kurukia bado iko. Saruji imepasuka, nyasi katikati, tambarare kama unaenda Isinya, na upepo ule ule wa kwetu wa kunyang'anya mtu kofia. Mnara umebaki bila madirisha. Na juu ya njia yenyewe — mabanda ya kuku, marefu!

Omolo akasema, "Uncle, si unaona? Ndege bado wako."

Nikamweleza vile baba alitua hapo na injini moja, ingine inawaka moto. Akauliza, si ulisema alikuwa kambi ya Kenya? Nikamwambia alipitia.

Ijumaa, 12 Septemba

Ndugu yangu Muthama amepiga kutoka Kajiado. Jiwe la kaburi la baba limefika, fundi anataka maneno. Jumamosi ya tarehe 20 mchungaji atalifunua, watu wote wa Kitengela wakiwa hapo. Ishmael, jirani yetu tangu utoto, ndiye mwenyekiti wa kamati ya hiyo sherehe. Ameapa mbele ya kamati: siku ataona RUBANI kwa jiwe la Munguti, atavua kofia.

Nikasema chonga. Herufi kubwa!

Jumamosi, 13 Septemba

Leo nimeingia ndani ya ndege ya mabomu. Injini nne! Imewekwa kwa banda kubwa kuliko kanisa letu, na wazee wa kujitolea wanaipangusa kama ng'ombe wa mahari. Wakaniinua mmoja mbele, mmoja nyuma, nikapenya. Ndani ni pembamba, inanuka mafuta ya zamani. Waliwasha injini moja na kifua changu kikatetemeka mpaka nikasema asante kwa Kikamba.

Anayeonyesha watu ni Harold, miaka themanini na moja. Alikuwa mtu wa redio kwa ndege kama hiyo. Nikamwambia baba alikuwa rubani. Nikatoa karatasi. Mimi niliachia darasa la tano, lakini P na I nazijua, na neno lile linaanza PI. Zingine zimeliwa na mkunjo. Tangu tuzike baba, hizo herufi mbili ndizo shahidi wangu.

Harold akaleta kioo cha kukuza. Akamwita Ndanu asome.

Ndanu akasema polepole, "Mjomba, hii si pilot. Ni pigeon. Babu alikuwa analea njiwa wa jeshi."

Njiwa!

Omolo akageukia ukuta, mabega yanacheka. Lakini Harold hakucheka. Alienda kwa kabati akarudi na sanduku la njano. Akasema kila safari alibeba njiwa wawili humo. Wakaanguka baharini, redio ikafa, njiwa mmoja akafika nyumbani na ujumbe. Watu watano waliokolewa, yeye mmoja wao. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema hakuwahi kupata mtu wa kushukuru, kwa sababu wale wa njiwa hakuna aliyewaandika mahali.

Akanipigia saluti. Mimi! Nikarudisha kwa mkono wa kushoto.

Jumapili, 14 Septemba

Kanisani wageni waliitwa wasimame wajitambulishe. Nilikaa. Ndanu akanishika paji, akidhani niko na homa.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimepigia Muthama. Nyuma yake nasikia patasi, tak, tak. Akasema, "Mkubwa, RU imetoka safi kabisa, sasa fundi anaingia B."

Nikasema msimamishe.

"Nimsimamishe kwa nini? Ishmael yuko hapa anaangalia."

Nikasema kuna neno. Simu ikaanza kukwaruza, akasema ngoja atoke nje ya banda la fundi, atapiga.

Nangoja. Ndanu amenitengenezea chai, amekaa karibu. Anasema chongeni vile babu alikuwa anasema mwenyewe: MTU WA NDEGE. Si uongo. Lakini nikifumba macho namwona Harold na lile sanduku. Huyo angetaka njiwa waonekane. Na zile RU zitaenda wapi?

Simu hiyo inalia. Wacha niandike haraka, maana huko kwa simu sijui kama neno litatoka: baba hakuwahi kusema rubani, hata siku moja. Ni mimi nilimwambia Ishmael hivyo. Nilikuwa darasa la tatu, na baba yake Ishmael alikuwa amenunua baiskeli.